Asumini Darini: Mwongozo Kamili wa Kupanda na Kutunza Asumini Nyumbani, Lamu

Miche yangu minne ya kwanza ya asumini ilikufa mmoja baada ya mwingine, na yote ilianza na dalili moja: ncha za majani zilikauka zikawa rangi ya kahawa, kana kwamba mtu amepitisha moto wa kiberiti ukingoni. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Nilivyozidisha ndivyo ilivyozidi kuungua. Miezi ilipita kabla sijatambua kwamba maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiiua. Nilikuwa nikichota kisima cha nyumbani, na kisima chetu, kama visima vingi hapa mjini, kina chumvi unayoisikia ulimini.

Mafunzo mengi ya kilimo cha maua yameandikwa kwa ajili ya watu wa bara, wenye udongo mwekundu na maji matamu. Sisi tunaishi juu ya kisiwa cha mchanga, katikati ya kuta za matumbawe na chokaa, na upepo wa bahari hautuachi. Kwetu asumini ina maadui wawili wakubwa, chumvi na chokaa. Ukiwadhibiti hao, mengine yote ni kazi nyepesi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maji na udongo.

Ijue asumini unayoipanda

Asumini yetu ya vikuba, vile vishada vya kunukia vinavyovaliwa kifuani, wataalamu wanaiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini. Ndiyo ambayo Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934, na ndiyo Wachina wanayotumia kutia harufu kwenye majani ya chai. Jani lake ni moja moja, la mviringo, la kijani kilichoiva. Matumba hutoka nchani mwa matawi, kwa vishada vya matatu au zaidi, na mara nyingi tumba la katikati hufunguka kwanza. Hufunguka jioni giza likiingia, huwa jeupe usiku kucha, na keshoye huanza kugeuka rangi ya waridi iliyofifia, kisha huanguka.

Kuna ya petali chache, ile ya kutungia, na kuna ile ya petali nyingi zilizokunjana kama waridi dogo. Ya kukunjana inapendeza kwa macho, lakini hukua polepole na hutoa maua machache. Kama unaanza, anza na ya petali chache.

Tahadhari mbili kabla hujatoa pesa. Kwanza, vichakani hapa pwani kuna asumini ya mwitu yenye maua meupe na harufu nzuri, na watu huichimba wakaiuza. Utaitambua kwa jani: la mwitu limegawanyika vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Hutambaa sana na haikai vizuri kwenye chombo. Pili, asumini ya kupandwa haizai mbegu ila kwa nadra. Mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za asumini hii, mrudishie. Asumini huzalishwa kwa vipandikizi.

Mahali pa kuiweka

Inataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku. Ikipata chini ya saa 4 itakupa majani mazuri mabichi na hutaona ua. Nyumba zetu za zamani zina kiwanda katikati, yaani uwanja wa ndani usioezekwa, na watu hupenda kuweka maua hapo kwa sababu pana kivuli na pana utulivu. Lakini kuta ni ndefu, na jua hushuka hadi sakafuni kwa muda mfupi tu wa mchana. Kabla ya kuamua, tenga siku moja: weka jiwe pale unapotaka mche ukae, kisha kila saa moja pita uangalie kama jiwe liko juani. Hesabu saa. Watu wengi nimewaona wakishangaa kwamba kiwanda chao kinapata jua la saa 2 na nusu.

Darini, yaani juu ya paa bapa la nyumba, ndiko kunakofaa kwa wengi wetu, ila kuna upepo. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na hubeba mvuke wa chumvi kutoka baharini. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ni mkavu na wenye joto. Weka vyombo nyuma ya ukingo wa dari upande wa kusini ili ukuta uvunje kusi. Siku upepo ukivuma sana, asubuhi yake mwagia majani maji matamu juu na chini. Pitisha kidole kwenye jani kabla hujaosha, kisha lamba, na utajua kwa nini nasema hivi.

Usiweke chombo juu ya saruji tupu. Mchana sakafu ya dari huchoma nyayo, na mizizi iliyo ndani ya ndoo nayo huchomeka. Inua kwa vipande viwili vya boriti au mbao. Na usikiegemeze kwenye ukuta uliopakwa chokaa hivi karibuni, kwa sababu mvua ya kwanza itaishusha chokaa yote ndani ya udongo.

Chombo na udongo

Chombo cha lita 20 kinatosha mche mmoja kwa miaka 2 au 3. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inafaa, debe linafaa, na mtungi wa udongo uliopasuka mdomo unafaa kuliko vyote, ingawa hukauka haraka. Toboa matundu 5 au 6 chini, kila moja la kupita kidole, na uyafunike kwa kigae cha chungu ili udongo usimwagike. Maji yapite bila kizuizi.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu akitengeneza nyumba, hubaki kifusi cha matumbawe na chokaa, na wengi hukitia chini ya chombo ati kipitishe maji. Usifanye hivyo. Matumbawe ni chokaa tupu. Kila ukimwagilia, kidogo huyeyuka, udongo unakuwa na ukali wa chokaa (alkali), na asumini inashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Nilimwona jirani akihangaika mwaka mzima na mche wa hivyo. Majani machanga yalitoka ya manjano, na mishipa yake tu ndiyo iliyobaki ya kijani, imechoreka kama ramani ya mito. Tulipoupindua, tulikuta robo ya ndoo ni kifusi. Mizizi ilifika pale ikakunjana kurudi juu.

Makombe ya pwani ni yale yale, na mchanga wa ufukweni una chumvi pamoja na vipande vya makombe. Vilima vya mchanga vya Shela usiviguse kabisa. Mvua inayozama mle ndiyo maji matamu tunayokunywa mjini.

Udongo ulio salama hutoka bara, pande za miji ya Hindi na Mpeketoni, na mara nyingi unaweza kuagiza gunia moja moja kupitia gati la Mokowe. Kipimo changu ni hiki: ndoo mbili za udongo wa shamba, ndoo moja ya samadi iliyooza, na ndoo moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.

Samadi ya punda ipo bure kila kichochoro, na kwa asumini ni neema, ila ioze kwanza. Irundike mahali pa kivuli, ilowanishe, ifunike kwa gunia, uigeuze kila wiki. Wiki za mwanzo ukitia mkono katikati utasikia moto. Baada ya miezi 2 au 3 joto huisha, harufu ya zizi huondoka, na inabaki kitu cheusi chenye kunukia kama ardhi baada ya mvua. Hapo iko tayari. Ukiitia ikiwa mbichi itaunguza mizizi, na mbegu za magugu alizokula punda zitaota zote.

Makumbi nayo yana jambo lake. Yale yanayofukiwa kwenye matope ya pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelowa maji ya bahari, hayafai. Tafuta makavu kutoka kwa wakuna nazi. Hata hayo yaroweke kwenye maji matamu siku nzima, mwaga, uroweke tena, kisha yakamue.

Ukiwa na shaka na udongo wowote, chukua kijiko kimoja, udondoshee siki. Ukichemka kwa mapovu, una chokaa nyingi. Ukinyamaza, endelea.

Kupata mche

Omba kwa mwenye asumini inayotoa maua mengi, wala usione haya. Mche mmoja hutoa vipandikizi vingi na mwenyewe hapungukiwi. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika au mwanzo wa vuli, hewa ikiwa na unyevu.

Chagua tawi la mwaka huu lililoanza kukomaa: likipindwa halivunjiki mara moja, na wala halilegei kama kamba. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15 kwa kisu kikali kilichosafishwa, kila kimoja kiwe na macho (vifundo vinapotokea majani) matatu au manne, na mkato wa chini uwe kidogo tu chini ya jicho, maana mizizi hutoka hapo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, nayo uyakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka macho mawili ndani ya makumbi yaliyooshwa yaliyochanganywa na udongo kidogo. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko ukiondoe ipate pumzi. Weka kivulini penye mwanga.

Baada ya wiki 4 hadi 6 jaribu kuvuta kwa upole. Kikikushikilia, kina mizizi. Kikitoka chepesi, kirudishe usubiri. Kutoa jani jipya peke yake si ushahidi, kwani kipandikizi kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani ya tawi kisha kikafa. Panda vingi kuliko unavyohitaji. Mimi nikichomeka 10, nafurahi nikipata 6.

Njia ya pili ni ya polepole lakini haishindwi kirahisi. Inamisha tawi la chini la mche mkubwa, likwaruze ganda kidogo chini ya jicho, lifukie kwenye chombo kingine cha udongo kilichowekwa kando, na ulikandamize kwa jiwe lisilo la matumbawe. Baada ya miezi 2 au 3 litakuwa na mizizi yake. Kata, na umepata mche.

Maji

Onja maji unayotaka kumwagilia. Ulimi ukisikia chumvi, mche utaisikia zaidi, kwa sababu kila siku maji hukauka na chumvi hubaki. Angalia uso wa udongo na ukingo wa chombo: utando mweupe kama unga ni chumvi iliyojilimbikiza.

Maji bora ni ya mvua. Wenzetu wa kisiwa cha Pate, pamoja na mji wake wa Faza, wamekinga mvua kwa majabia, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, tangu zamani, na pipa moja la lita 200 chini ya mfereji wa dari hufanya kazi ile ile kwa kipimo kidogo. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi, na ukiwa jirani na nyumba ya wageni omba wakuwekee ndoo. Maji ya udhu pia, ikiwa unatawadhia maji matamu, yakinge kwenye beseni uyapeleke kwa asumini, kwani hayana sabuni. Ikibidi utumie ya kisima, yachanganye nusu kwa nusu na matamu.

Kiasi gani? Tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Pakiwa na unyevu, acha. Wakati wa kaskazi chombo cha darini hutaka maji kila asubuhi, na siku za jua kali hata jioni. Masika, huenda wiki nzima usiguse. Usiweke sahani chini ya chombo, kwa sababu maji yaliyotoka na chumvi yake yatarudi juu.

Halafu kuna kazi ambayo wengi hawaifanyi, nayo ndiyo iliyookoa miche yangu ya baadaye: kuosha udongo. Mara moja kwa mwezi katika miezi ya kiangazi, mimina maji matamu polepole, ndoo mbili nzima kwa chombo cha ndoo moja, yapite yatoke chini yote. Ni maji mengi, najua, na hapa maji ni shida. Basi akiba yako ya mvua iweke kwa ajili ya kazi hii hata kama siku za kawaida unachanganya.

Kulisha

Kila mwezi na nusu, tandaza konzi mbili za samadi iliyooza juu ya udongo, mbali kidogo na shina. Ukipenda mbolea ya dukani, ile ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa usawa) nusu kijiko cha chai kwa chombo cha lita 20 mara moja kwa mwezi, wakati mche unachipua, inatosha, na itiwe udongo ukiwa umelowa. Yurea usitie. Utapata kichaka na majani mapana, maua hakuna.

Jivu la jikoni, ambalo watu wa bara husifu kwa maua, kwetu halifai. Jivu linaongeza ukali ule ule wa chokaa. Na ukiona majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani licha ya udongo safi, duka la pembejeo linauza mbolea ya chuma ya kuyeyusha majini. Fuata kipimo cha pakiti na uhamie maji ya mvua. Majani yaliyokwisha kugeuka huenda yasirudi, wewe angalia yanayokuja.

Kupogoa

Mwaka wa pili mche wangu ulikuwa mrefu, wa kijani, na maua ya kuhesabu. Nilimwendea bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani ambaye dari lake likichanua, njia nzima hujua.

"Shikamoo bibi. Asumini yangu haitaki kutoa."

"Marahaba mwanangu. Umeikata lini?"

"Sijaikata, bibi. Naionea huruma."

"Basi na yenyewe yakuonea huruma ya maua. Kata."

Sababu ni kwamba asumini hutoa tumba nchani mwa tawi jipya. Tawi la zamani limekwisha kazi yake. Bila kukata hupati machipukizi, na bila machipukizi hupati maua.

Mimi hukata kwa nguvu mara moja kwa mwaka, kusi ikianza kulegea, Agosti mwishoni au Septemba. Napunguza theluthi moja hadi nusu ya urefu, kila mkato juu kidogo ya jozi ya macho yanayotazama nje, na natoa kabisa matawi makavu na yaliyo membamba kama uzi. Mche hubaki kama kisiki, na wageni hudhani nimeuharibu. Mvua za vuli zikifika, machipukizi hujaa, na matumba huanza wiki kadhaa baadaye, ili joto la kaskazi liukute mche tayari. Baada ya kila wimbi la maua, kata ncha zilizomaliza kuchanua, jozi mbili za majani chini ya kishada. Wimbi jingine litafuata.

Wadudu, na paka

Geuza jani utazame mgongo wake mara moja kwa wiki. Vitu vyeupe kama pamba kwenye mapindo ya matawi ni vidung'ata. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wanawafuata hao kwa ajili ya utamu wao. Vichache, futa kwa pamba iliyolowa spiriti. Vikiwa vingi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni jua likipoa, na suuza asubuhi. Majani yakiwa na vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba kwa chini wakati wa kaskazi, ni utitiri, nao hupenda ukavu: mwagia mgongo wa majani maji kila siku kwa wiki moja. Mwarobaini hatuna haja ya kuununua. Twanga konzi mbili za majani, roweka usiku kucha kwenye lita moja, chuja, nyunyiza.

Matumba yenye tundu dogo ambayo hunyauka kabla ya kufunguka yana kiwavi ndani. Dawa ni kuyachuma yote na kuyachoma, yasianguke kwenye udongo.

Paka wa Lamu wanapenda udongo laini wa chombo kwa haja zao, na mkojo wao una chumvi. Panga vijiti vya mndimu vyenye miiba juu ya udongo mpaka mche ujaze chombo.

Kuchuma

Chuma kati ya saa 10 alasiri na Magharibi. Tafuta tumba lililovimba, jeupe kabisa, ambalo bado limefunga. Lile lenye ukijani au lililo jembamba ni la kesho, liache. Likate kwa ukucha chini ya kikombe chake cha kijani bila kuvuta, maana ukivuta utang'oa na wenzake wadogo. Weka kwenye kisahani, funika kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa. Usiyatie majini, hubadilika rangi mapema.

Kwa kutunga, tumia sindano nyembamba na uzi wa pamba uliolowanishwa, upitishe kwenye shingo ya tumba wakati bado limefunga. Yafungukie uzini. Kwa kikuba, weka rihani katikati, zungushia asumini na vipande vya mkadi, mmea wenye ua la kunukia, ukiwa nao, funga kwa uzi ule ule. Ukimaliza kabla ya Isha, maua yatakuwa yanafunguka kifuani mwa mvaaji, na yakibaki chini ya kitambaa chenye unyevu usiku yatanukia hadi alfajiri.

Siku nyingine utapata matumba 6 tu. Yaweke kwenye kijisahani kando ya mto wa kulalia.